Bomba Limefika, Choo Kimejaa

Anayetaka kupima huduma ya maji katika mji mdogo wa kanda ya ziwa asianze na ziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, karibu nusu yake iko Tanzania, na hakuna mji wa mwambao wake uliowahi kukosa maji kwa sababu ziwa limekauka. Aanze na dumu la njano la lita 20 lililo kwenye foleni ya kioski, kisha azunguke nyuma ya nyumba aangalie choo. Vitu hivyo viwili, dumu na shimo, viko chini ya ofisi mbili na bajeti mbili, na wataalamu wake hukutana kwa nadra. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, miradi mingi ya miji midogo inapokwamia. Tunajenga chanzo, tenki na bomba kuu, vitu ambavyo mgeni rasmi anaweza kuvikatia utepe. Vile vidogo vya kila siku, bili ya umeme, dira, kipuri, gari la kunyonya choo, tunaviacha bila mwenyewe, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama maji yataendelea kutoka na kama kinyesi kitakaa mbali na kinywa cha mtoto.

Mji mdogo si kijiji tena na bado si mji. Lamadi, pale njia panda ya Bariadi kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, Misungwi kwenye barabara ya Shinyanga, Sengerema, Nansio kisiwani Ukerewe, Isebania na Keroka upande wa Kenya, Mayuge upande wa Uganda: miji hii imekuzwa na stendi, mialo, minada na mipaka kuliko ramani za mipango miji. Ni mikubwa mno kuendeshwa na kamati yenye mweka hazina na daftari moja, na ni midogo mno kumlipa mhandisi, fundi umeme, mkemia na mhasibu kwa mpigo. Kijijini shimo likijaa unachimba jingine hatua kumi mbele. Katika jiji kama Mwanza ipo angalau mitaa yenye bomba la majitaka, na magari ya kunyonya yanapatikana kwa simu. Mji mdogo umepata msongamano wa jiji ukabaki na vifaa vya kijiji. Kiwanja kimekatwa, kikakatwa tena. Nyumba ya kupanga ya vyumba vinane ina choo kimoja. Na pale ambapo kingechimbwa cha pili pamesimama fremu ya duka.

Si kwamba watu wamekaa tu. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Maji yalikuwa bure. Pampu za dizeli zilifungwa na wafadhili wakagawana mikoa kuiandalia mipango kabambe, lakini fedha ya dizeli na vipuri ilibaki mikononi mwa hazina ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikuwa hata na fedha za kigeni za kununulia mafuta. Pampu zikanyamaza moja baada ya nyingine. Sera ya maji ya 1991 ikaanza kutaja mchango wa mtumiaji, na ile ya 2002 ikalisema waziwazi. Mwaka 2004 UN-Habitat na serikali za Kenya, Tanzania na Uganda zikaanzisha mpango maalumu kwa miji ya kanda ya Ziwa Victoria, ukaanza na miji michache kama Homa Bay, Kisii, Bukoba, Muleba, Masaka na Kyotera. Awamu ya pili, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu, ilichukua miji 15, mitatu kwa kila nchi, Rwanda na Burundi zikiwemo. Tanzania ilipata Geita, Sengerema na Nansio. Baadaye fedha za Ulaya zikaja kwa Mwanza, Bukoba na Musoma, pamoja na miji ya Misungwi, Magu na Lamadi. Mabomba yapo, basi. Swali ni kinachoyapata baada ya miaka kumi.

Jibu moja lilishapatikana zamani, na linasikitisha. Mwaka 1972 Gilbert White, David Bradley na Anne White walichapisha utafiti mkubwa wa matumizi ya maji majumbani katika maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wengine walirudi katika maeneo yaleyale. Walikuta kaya zenye bomba, ambazo mtu angetarajia ziwe zimeneemeka, zikitumia karibu nusu tu ya maji zilizokuwa zikitumia kizazi kimoja nyuma. Mabomba hayakung'olewa; yalikuwa palepale yakitoa maji kwa saa chache za siku, au kwa siku chache za wiki. Muda ambao kaya zisizo na bomba zilitumia kufuata maji ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu, sehemu kubwa ya muda huo ikiliwa na foleni. Bradley ndiye pia aliyetufundisha kuyagawa magonjwa ya maji kwa namna yanavyoenea, na funzo lake moja bado halijaingia vizuri kwenye hotuba zetu: magonjwa mengi ya kuhara, upele na macho hutokana na uhaba wa maji ya kunawia kuliko uchafu wa maji ya kunywa. Anayepata ndoo mbili kwa siku hanawi mikono mara sita, hata ukimbandikia mabango ya afya ukuta mzima.

Kwa nini bomba linalegea? Tuangalie uniti moja. Kwa bahati, Kiswahili cha mtaani kimeyapa maji na umeme neno hilohilo: uniti ya maji ni lita 1,000, uniti ya umeme ni kilowati-saa. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miji yake mingi imekaa juu ya vilima. Kupandisha uniti moja ya maji hadi kwenye tenki lililo mita 100 juu ya chanzo kunahitaji, kwa hesabu ya fizikia tupu, uniti 0.27 za umeme. Ukiingiza udhaifu wa pampu na mota, ni karibu nusu uniti. Sasa tuseme lita 40 katika kila 100 zinapotelea njiani, kwenye viungio vilivyolegea, kwa waliojiunganishia usiku, kwenye dira zilizokufa. Kila uniti inayolipiwa inabeba robo tatu ya uniti ya umeme, kabla hujanunua shabu ya kutulizia tope, klorini, na kumlipa mlinzi wa mtambo. Upotevu wa maji katika mamlaka za Tanzania umekuwa ukizungukia theluthi moja ya maji yanayozalishwa, wakati kiwango kinachovumilika ni asilimia 20. Jiji linaweza kuufunika upotevu huo kwa wateja wakubwa, kiwanda cha samaki hapa, hoteli pale. Mji mdogo wenye wateja elfu chache wa majumbani hauna pa kuuficha. Mwezi mmoja wa bili ya umeme isiyolipwa unatosha kuzima pampu, na maji yakikatika ndipo mteja naye anapoacha kulipa bili yake, kwa haki kabisa. Ongeza lalamiko ambalo kila msoma dira amelisikia: maji yakirudi baada ya siku tatu, hewa hutangulia ndani ya bomba na dira huzunguka. Mafundi na wateja watabishana hadi kesho kuhusu kiasi chake, ila imani iliyopotea haisubiri wamalize.

Hadi hapo tumezungumzia maji yanayoingia. Yanayotoka ndiyo yaliyosahaulika, na yanaweza kuhesabiwa kwa penseli. Shimo la mduara lenye kipenyo cha mita 1 na kina cha mita 3 lina ujazo wa lita kama 2,350. Kadirio la kawaida la wahandisi ni kwamba mtu mmoja hujaza lita 40 hadi 60 za tope kwa mwaka, baada ya maji kunyonywa na udongo. Nyumba yetu ya vyumba vinane, watu watatu kila chumba, italijaza shimo hilo kabla ya miaka mitatu kwisha, tena kwa kadirio la chini. Hiyo ni hesabu ya choo kikavu. Bomba likifika uani, wapangaji wale 24 wakaanza kutumia lita 40 kila mmoja kwa siku, karibu lita 770 zitatafuta njia ya kutoka kila siku, maana asilimia 80 hivi ya maji ya nyumbani hugeuka majitaka. Bafu linaelekezwa shimoni, choo cha kuchuchumaa kinawekewa sinki la kumwagia maji, na udongo uliokuwa ukinywa kidogokidogo unashiba. Penye mwamba, kama kote kuzunguka Mwanza, shimo halikuwa refu tangu mwanzo. Ufukweni ni kinyume chake: unachimba mita moja na nusu, unakuta maji. Mei 2020 ziwa lilipopanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita kidogo rekodi ya 1964, vyoo vya mialoni vilimezwa pamoja na vibanda vya dagaa.

Mwenye nyumba afanye nini shimo likijaa? Gari la kunyonya litoke mji mkubwa, na bei yake huhesabiwa kwa safari. Mpira wake haufiki nyuma ya nyumba ya tatu kutoka barabarani, na likifika, hukuta tope limechanganyika na vitambaa, chupa na nepi, pampu ikakwama. Ndiyo maana kitenzi kinachojulikana mitaani ni "kutapisha": unasubiri mvua kubwa ya usiku, unatoboa ukuta wa shimo upande wa mteremko, mfereji unafanya kazi iliyobaki. Kampeni zetu za vyoo, tangu Mtu ni Afya ya 1973 hadi Nyumba ni Choo ya miaka ya karibuni, zimefanya kazi kubwa ya kuwafanya watu wawe na choo na kukionea fahari. Lakini zinahesabu vyoo vilivyojengwa. Choo kinachotapishwa kila masika nacho kimo kwenye hesabu, kimepakwa chokaa na kina mlango.

Msomaji makini ataniuliza: kama hoja ni kuliokoa ziwa, mbona vyoo vya Lamadi au Nansio ni tone tu? Yuko sahihi kuliko wanaharakati wengi. Tafiti zilizofanywa wakati wa awamu ya kwanza ya mradi wa mazingira wa ziwa hili, uliomalizika 2005, zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi na naitrojeni inayolirutubisha ziwa kupita kiasi hutoka angani, pamoja na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na kwenye mito inayokusanya udongo wa mashamba. Mchango wa miji ulikuwa mdogo. Kwa hiyo asiuziwe mtu choo kwa jina la sangara. Ila ziwa zima ni jambo moja na ghuba ni jambo jingine. Mji hauchoti maji katikati ya ziwa, huchota mita mia chache kutoka ufukweni, mara nyingi ndani ya ghuba ambamo maji hayabadiliki upesi, na mfereji wa mvua wa mji huohuo huishia upande uleule. Kinyesi kikiongezeka karibu na chanzo, klorini nyingi zaidi inahitajika. Mwani ukistawi, machujio yanaziba na maji yananuka. Ghuba ya Winam kule Kisumu inaijua hali hiyo vizuri. Dawa ya kawaida ni kusogeza chanzo mbele zaidi ziwani, yaani bomba refu zaidi na fedha zaidi, kuukwepa uchafu wetu wenyewe. Na kichocho hakingoji mtambo wa maji: konokono wake wanaishi kwenye nyasi za ufukweni, na mayai ya minyoo yake hufika majini kwa kinyesi na mkojo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu limetoka kwa wanasayansi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika vijijini Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, ndani ya bonde hilihili la ziwa. Kaya zilipewa dawa ya maji, vyoo vilivyoboreshwa na mahali pa kunawia mikono, kila kimoja peke yake na vyote kwa pamoja. Kuhara kwa watoto hakukupungua, na urefu wao haukuongezeka kwa sababu ya vitu hivyo. Waliopewa lishe ndio waliokua kidogo zaidi. Wapo waliohitimisha kwamba fedha za vyoo zinapotea. Mimi nayasoma matokeo hayo kwa namna nyingine. Jaribio lilimpa mama chupa ya klorini na bamba la plastiki la kuwekea chooni. Halikumpa bomba uani, na halikuondoa kinyesi cha kijiji kizima. Kilichoshindwa ni nusu huduma, ile inayomwachia mama kazi yote. Utafiti mwingine wa wilaya ya Busia, uliochapishwa 2011, unaeleza sababu mojawapo: chemchemi zilipojengewa, uchafu wa vijidudu pale kwenye chemchemi ulipungua kwa theluthi mbili, lakini katika maji yaliyokwisha kufika nyumbani ulipungua kwa robo hivi. Tofauti iliingia njiani, kwenye dumu, kata na mikono. Ndiyo sababu siamini tena kwamba kioski, kwa wema wake wote, ndicho kilele cha huduma kwa mji wenye watu 30,000. Maji yakifika uani, dumu linastaafu.

Hapo ndipo hoja ya umaskini inapoletwa: watu hawa wataweza kulipia bomba la nyumbani, na juu yake kunyonya choo? Tupige hesabu tena. Ndoo ya lita 20 ikiuzwa shilingi 50 kioskini, uniti moja ni shilingi 2,500. Ikiletwa na mkokoteni kwa shilingi 200, uniti ni shilingi 10,000. Mwenye bomba nyumbani kwa kawaida analipa pungufu ya bei ya kioski, sembuse ya mkokoteni. Maskini wa mji mdogo tayari anayalipia maji kuliko meneja wa benki. Kinachomshinda ni ada ya kuunganishiwa, inayotakiwa yote kwa pamoja, wakati kipato chake huja kwa siku. Kumkopesha mabomba na dira, akalipa kidogokidogo kwenye bili, kunamfaa kuliko kumshushia bei ya uniti asiyoipata. Wanaotaka maji yarudi kuwa bure wakumbuke 1991 ilivyofika. Sitetei kwamba mteja abebe kila kitu: mtambo, bomba kuu na mabwawa ya kutibia majitaka ni mzigo wa serikali, kama barabara. Nasema gharama ya kuendesha lazima iwe na mahali pa kutoka panapojulikana, la sivyo itatoka kwenye ukimya wa pampu.

Na bomba la majitaka je, si ndio ustaarabu? Kwa katikati ya mji, penye stendi, soko na nyumba za wageni, huenda. Jijini Mwanza, kwenye vilima vya miamba, yamelazwa mabomba membamba yanayopita katikati ya nyumba kufuata mteremko, na ni mfano mzuri wa kuachana na ramani ya Ulaya. Kwa mji mdogo uliotawanyika, wenye kaya zinazotumia lita 30 kwa mtu, bomba hukosa maji ya kutosha ya kusukuma kinyesi, likaziba. Huko jibu litabaki kuwa shimo kwa miaka mingi, lakini shimo lililokusudiwa kunyonywa: limejengewa ukuta, lina mfuniko wa kufungulia, na liko mahali mpira unapofika. Wataalamu siku hizi wana neno, topekinyesi, kwa hicho kinachotolewa, na mabwawa ya kukitibu si teknolojia ya ajabu. Yanahitaji ardhi, jua na mtu wa kuyasafisha. Yanahitaji pia magari yayafikie, na hapo tunarudi kwenye fedha: dereva atamwaga porini kama bwawa liko kilomita 20 na hakuna anayemlipa kwa kufika.

Kwa hiyo ningeufunga mkataba wa mji mdogo kwa bili moja. Juu ya kila uniti ya maji iongezwe shilingi chache za choo, na kwa shilingi hizo kila nyumba ipate haki ya kunyonywa kwa zamu, kila baada ya miaka kadhaa, iwe imepiga simu au haijapiga. Anayelipa kidogokidogo bila kuhisi hatasubiri masika atoboe ukuta. Tanzania haihitaji jina jipya kwa hili. Vyombo vyetu vinaitwa Mamlaka za Majisafi na Usafi wa Mazingira. Lakini usafi huo kwa vitendo unaishia pale bomba la majitaka linapoishia, na kwa kuwa katika mji mdogo bomba hilo halipo, choo kimebaki kwa bwana afya wa halmashauri, mwenye pikipiki moja na kitabu cha faini, bila gari la kunyonya.

Bili moja haitatosha kama chombo chenyewe ni kidogo mno. Uganda iliona hivyo: mwaka 2017 ilizipa hadhi ya mamlaka za maji taasisi sita za kikanda zinazoitwa miavuli, kila moja ikiendesha mifumo ya miji midogo mingi, ili mkemia mmoja na fundi mmoja wa pampu wagawanwe. Tanzania nayo, baada ya sheria ya maji ya 2019 na kuundwa kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, imekuwa ikiiweka baadhi ya miji midogo chini ya mamlaka za mikoa. Naunga mkono mwelekeo huo, kwa wasiwasi mmoja. Mwavuli mkubwa humkinga kwanza aliye karibu na mpini. Mamlaka ya mkoa inayolaumiwa kila siku kwa mgawo wa maji jijini itapeleka pampu ya akiba wapi, jijini au Nansio? Dawa yake ni hesabu za kila mji kuandikwa kivyake na kusomwa hadharani mjini hapohapo, na kila mji kubaki na fundi wake, stoo yake ya vipuri na ruhusa ya kutumia kiasi fulani bila kuomba. Koki ya shilingi elfu kumi na tano ikisubiri sahihi ya mkoani kwa wiki mbili, kioski kitafungwa, mikokoteni itarudi barabarani, na kwa wiki hizo mbili bei ya dumu ataipanga mwenye mkokoteni.